Benidorm wiki moja na watoto wawili na mama mwenye magoti: tufanye nini, tubane wapi?

MamaWawili

Habari zenu jamani. Naomba ushauri kwa waliofika Benidorm, Hispania, hasa mnaoishi huko. Tunakwenda wiki ya mwisho ya Mei shule zikifungwa hapa Uingereza: mimi, wanangu wawili (miaka 6 na 11), na mama yangu mzazi mwenye miaka 68 ambaye magoti yanamsumbua. Ndege na fleti nimeshalipia. Fleti iko mtaa wa Rincón de Loix, ina jiko dogo. Mkononi nitabaki na yuro 600 kwa siku saba, na kila kitu kimo humo: chakula, nauli, burudani ya watoto.

Je, zinatosha? Watoto wanalilia ile bustani ya michezo ya maji, nami naogopa italamba nusu ya pesa siku moja. Mama hataki kuachwa ndani akiangalia ukuta, lakini vilima hawezi. Halafu sisi hatuli nguruwe wala hatunywi pombe, na kila ninayemuuliza ananiambia Benidorm ni baa tupu. Nimesoma kurasa nyingi, zote mwisho wake zinaniuzia hoteli. Nataka kusikia kwa mtu.

BintiKisauni

Dada, karibu sana, na mama mfikishie shikamoo yangu. Mimi naishi upande huu mwaka wa kumi na moja sasa, na miaka minane kati ya hiyo nilikuwa nikitandika vitanda na kusafisha vyumba vya hoteli. Wageni nimewaona wanavyofika na pochi nene Jumamosi na wanavyohesabu sarafu Alhamisi. Naandika kwa urefu kwa sababu suala la mama yako limenigusa. Wangu alikuja kunitembelea na magoti hayo hayo.

Yuro 600 zinatosha, ila muishi kwa saa za Wahispania. Hapa pesa huvuja kwa sababu mgeni ana njaa wakati jikoni mwa wenyeji kumefungwa, kwa hiyo anakwenda anakouziwa mgeni.

Chakula kikuu kiwe cha mchana. Kati ya saa saba na saa kumi (nahesabu saa zetu) migahawa mingi huweka ubao nje umeandikwa *menú del día*. Kwa kama yuro 12 hadi 16 mtu mmoja anapata sahani ya kwanza, sahani ya pili, mkate, kinywaji, na tamutamu au kahawa. Si mabaki wala chakula cha bei rahisi cha kudanganyia tumbo. Ndicho wanachokula mafundi, makarani wa benki na wazee wa mtaa. Mgahawa ule ule, usiku, samaki yule yule utamlipia peke yake karibu bei ya menyu nzima. Chukueni menyu tatu, yaani wewe, mama na mkubwa. Mdogo wa miaka 6 atashiba sahani zenu, maana ni kubwa. Jioni mkaange mayai kwenye hilo jiko dogo, mkate na nyanya pembeni, mmemaliza.

Kuhusu nguruwe, macho yawe wazi kwa vitu visivyofanana na nyama. Dengu (*lentejas*) mara nyingi hupikwa na soseji ya nguruwe ndani. *Croquetas*, yale madonge ya kukaanga, zina kawaida ya kuwa na *jamón*, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Hata maharage mabichi ya kukaanga hunyunyiziwa vipande vyake, na ukiwaambia huli nyama wengine hawaihesabu hiyo kuwa nyama. Sema *sin cerdo* (bila nguruwe) na *sin jamón* (bila jamón), yote mawili. Salama yenu ni samaki: *dorada* au *merluza a la plancha*, yaani ya kuchoma kwenye bamba. Na mtafute *arroz a banda*, wali wa huku Alicante unaopikwa kwa supu ya samaki mpaka kila punje imenyonya bahari. Mama yangu aliuonja akanyamaza, na yeye si mtu wa kunyamaza mbele ya chakula cha watu. Bucha za halali zipo mjini, angalia kibao kilichoandikwa *carnicería halal*.

Maji: tangu sheria ya taka ya mwaka 2022, ukitaka maji ya bomba kwenye mgahawa au baa lazima wakupe, na bure. Sema *agua del grifo, por favor*, usione haya. Ni salama, ila ladha yake nzito kidogo. Nyumbani sisi hununua madumu makubwa ya supamaketi, na wewe fanya hivyo. Chupa ndogo za pembeni mwa bahari ndizo zinazomaliza sarafu bila mtu kujua. Supamaketi nenda mapema katika wiki, kwani Jumapili nyingi hufunga isipokuwa baadhi za maeneo ya watalii.

Sasa mahali. Umekodi mtaa wa Waingereza, na nakwambia mapema usiku kuna kelele. Ukifika uliza kama kuna fleti inayotazama nyuma, na ubebe vizibo vya masikio. Faida yake ni kwamba mpo mwanzo kabisa wa ufukwe wa Levante, na kutoka hapo hadi mji wa kale ni njia ya kando ya bahari, tambarare kama meza, kama kilomita mbili, benchi kila hatua. Mama atakwenda akipumzika. Siku akichoka, basi za mjini zipo.

Ufukwe wangu mimi ni Poniente, ule wa upande wa pili wa mji wa kale. Ni mrefu zaidi, unakaribia kilomita tatu, na watu ni wachache. Njia yake ya miguu ilichorwa na ofisi ya msanifu Carlos Ferrater wa Barcelona, ikafunguliwa 2009: ukuta unaopinda kama mawimbi, sakafu inabadilika rangi kila unapokwenda, kutoka manjano hadi zambarau. Watoto watacheza hapo saa nzima bila kukuomba senti. Ngazi zipo lakini na vitelemko vya magurudumu vipo.

Na hili ndilo nililotaka mama yako alijue. Fukwe zote mbili zina vituo kwa ajili ya watu wasioweza kutembea vizuri, pana kivuli na sakafu ya mbao juu ya mchanga. Katika msimu kuna wasaidizi wenye viti vya magurudumu vinavyoelea. Wanamkalisha mtu, wanamsukuma mpaka ndani ya maji, wanakaa naye, wanamrudisha. Halipiwi. Ulizia *playa accesible* siku ya kwanza tu, mjue saa zao. Bahari mwisho wa Mei bado ina ubaridi, haifikii hata kidogo maji tuliyozoea, lakini saa sita za mchana anavumilia.

Usikodi vitanda vya ufukweni kwa wiki nzima. Duka la bazari lolote la vitu vidogo vidogo linauza mwavuli na mkeka, na siku tatu za kukodi zinakuwa zimeulipa. Ila msikimbilie kuutia mwavuli alfajiri kushika nafasi, manispaa huuondoa. Vilevile kuoga baharini kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi ni marufuku, kuna faini.

Baba_Imani

BintiKisauni amesema yote ya maana, naongeza la pochi. Kwenye njia ya Levante utaona kundi wamezunguka mtu anachezesha vikombe au vifuniko vitatu na kijidonge chini yake. Wale wanaoshinda mbele yako ni wenzake. Mimi nililiwa yuro 50 mbele ya mwanangu, ndani ya dakika mbili, na alivyonitazama sijasahau. Pita bila kusimama. Kuna na wanaokuja na ua wakitaka kukubandika kifuani, mkono mmoja kwenye ua mwingine kwenye mkoba.

Halafu mashine za pesa na za kadi: ikikuuliza ulipe kwa pauni au kwa yuro, chagua yuro kila mara. Ukichagua pauni wao ndio wanaokupangia kiwango, na hakiwi kizuri.

Nuru_wa_Murcia

Mimi ningeachana kabisa na bustani ya maji. Peleka watoto Fuentes del Algar, kule Callosa d'en Sarrià. Maporomoko ya kweli, mabwawa ya kuogelea, kiingilio ni kidogo sana ukilinganisha. Na ukipata nafasi panda hadi mji wa Calpe ukaone jabali la Ifach, mita 332 juu ya bahari. Kukaa Benidorm siku saba ni kupoteza.

BintiKisauni

Nuru, Algar ni pazuri na mimi naipenda, lakini soma swali. Maji yake ni baridi mwaka mzima, yanatoka mlimani, na njia imejaa ngazi na mawe yanayoteleza. Bibi wa miaka 68 atakaa getini akishika taulo za wajukuu. Wakija bila yeye, sawa.

Bustani ya maji mimi naiunga mkono, mara moja. Mtoto wa miaka 11 akiahidiwa kitu miezi mitatu, usimnyime kwa hesabu. Aqualandia iko hapo hapo upande wenu, imekuwepo tangu 1985. Nunua tiketi kwenye tovuti yao kabla ya kusafiri, maana mlangoni ni ghali zaidi, na hakikisha siku uliyochagua wanafungua, kwa kuwa Mei ndiyo kwanza msimu unaanza. Usichague siku ya kwanza. Ukianza na hiyo, siku sita zilizobaki kila kitu kitaonekana kidogo kwao. Iweke siku ya tano.

Zilizobaki ningezipanga hivi, na nyingi hazina kiingilio.

Asubuhi moja mji wa kale. Kanisa la San Jaime lenye makuba ya buluu, kisha Balcón del Mediterráneo, ukumbi mweupe juu ya mwamba, Levante mkono mmoja na Poniente mwingine. Kuna kimlima kifupi, apande polepole asubuhi jua halijakasirika. Pale juu waonyeshe watoto kisiwa kilicho mbele, halafu wageuke watazame mlima wa nyuma, Puig Campana, mita 1,406, una pengo la mraba kileleni kama jino lililong'oka. Wenyeji husimulia kwamba shujaa Roldán aliambiwa mpenzi wake angekufa jua likizama. Akaukata mlima ili jua lipite penye pengo, apate dakika chache zaidi za kuwa naye. Lile pande likaangukia baharini, ndicho kisiwa. Mabinti wangu walinirudishia hadithi hiyo kila jioni mwezi mzima. Boti za kwenda kisiwani zipo bandarini, ila kwa watu wanne ni pesa, na hadithi unaipata bure pale juu.

Mwambie na mama kwamba kabla ya maghorofa haya watu wa hapa walikuwa wavuvi. Walisifika kwa kutega jodari kwa nyavu kubwa za *almadraba*, na manahodha wao waliitwa mbali kwenda kusimamia nyavu za wengine. Mpango wa mji wa mwaka 1956 ndio uliofungua njia ya majengo marefu. Mama yangu, binti wa mvuvi, alipolisikia hilo akaacha kuuona mji huu kama mji wa walevi.

Siku nyingine pandeni tramu. Kituo kiko juu ya mji, mbali na ufukwe, kwa hiyo basi kwanza. Mkienda upande wa Alicante, mstari wa 1, si mbali mnafika Villajoyosa. Nyumba za wavuvi zimepakwa rangi kali, nyekundu, buluu, manjano, na mji mzima umekua juu ya chokoleti. Kiwanda cha Valor kipo tangu 1881 na kina makumbusho yake. Ulizia saa za ziara kabla. Kama mna siku moja tu ya tramu, nendeni huko badala ya mji wa Altea. Altea ni nzuri sana, nyeupe yote, lakini uzuri wake uko juu ya ngazi, na magoti hayatasamehe.

Kwa jioni kuna mnara wa taa wa Albir. Basi hadi Albir, halafu njia ya lami kama kilomita mbili na nusu kwenda, ndani ya hifadhi ya Serra Gelada, misonobari upande mmoja na bahari chini upande mwingine. Inapanda taratibu. Mama akae mwanzoni penye kivuli au ufukweni Albir, ninyi mwende na maji ya kutosha. Wa miaka 6 ataweza, mimi nilipeleka wa miaka 5.

Mwisho wa Poniente kuna kilima cha Tossal de la Cala, juu yake mabaki ya ngome ya Warumi kutoka karne ya kwanza kabla ya Kristo. Huyo wa miaka 11 atapenda. Parque de Elche, karibu na bandari, ni ya mama: miti ambayo wageni huiita minazi kumbe ni mitende, njiwa, benchi, wazee wa Kihispania waliojaa kutwa.

Mchana, saa nane hadi saa kumi na moja, kuleni kisha mlale kama wenyeji. Jua mwisho wa Mei huzama saa tatu za usiku na dakika. Mtalala na bado mtakuwa na jioni nzima mbele, na jioni hiyo haina kiingilio. Wenyeji wote hutoka kutembea.

Mkiona sokoni *nísperos*, nunueni. Ni matunda ya manjano ya ukubwa wa yai, kokwa zinateleza, yanatoka Callosa hapo karibu na msimu wake unaishia Mei. Na *horchata* baridi: inakamuliwa kutoka vijiazi vya mmea wa jamii ya ndago, yale magugu tunayong'oa shambani! Hapa ni kinywaji cha heshima, hakina maziwa wala kilevi.

Hesabu yako basi. Basi la uwanja wa ndege wa Alicante hadi Benidorm ni karibu yuro 10 mtu mmoja kila upande, weka 80. Menyu tatu za mchana kwa siku nne, weka 170. Supamaketi 130. Bustani ya maji weka 130 uwe salama. Tramu na basi 40. Zinabaki 50 za aiskrimu na dharura. Teksi kutoka uwanja wa ndege isiingie kabisa kwenye hesabu hii, itakula chakula cha siku mbili.

MamaWawili

Tumerudi jana, na nimeona si vizuri kunyamaza.

Tulitumia yuro 571. Zilizozidi makadirio ni za supamaketi, kwa sababu siku mbili za kwanza nilikuwa bado nanunua kama niko kwetu, chupa ndogo ndogo na biskuti. Siku ya tatu nikanunua dumu. Menyu ya mchana tulikula mara tano badala ya nne, mgahawa mmoja nyuma ya soko la mji wa kale. Siku ya pili mwenye mgahawa alishaanza kusema *sin jamón* kabla sijafungua mdomo. Dengu nilizikuta kweli zina soseji; ningekuwa sijaambiwa ningempa mama.

Bustani ya maji ilikuwa siku ya tano kama ulivyosema. Villajoyosa mdogo alihesabu nyumba nyekundu mpaka akachoka. Albir hatukufika, upepo ulikuwa mkali siku tuliyopanga. Kelele za usiku ni za kweli, tulilala nyuma na vizibo masikioni na bado tulisikia muziki hadi saa tisa.

Bi mkubwa sasa. Siku ya pili tulikwenda kuulizia kile kituo cha Poniente. Alikataa, akasema yeye si mgonjwa. Siku ya tatu alikaa kwenye benchi akimwangalia mzee mmoja mnene wa Kihispania akiingizwa majini, anacheka peke yake. Siku ya nne akaniuliza kama nimebeba lile gauni lake la zamani la kuogea. Vijana wawili walimsukuma, maji yakamfika kifuani, akapiga kelele ya baridi halafu akaanza kuwaelekeza kwa Kiswahili wampeleke mbele zaidi. Wakampeleka. Tulirudi hapo kila siku mpaka Ijumaa.

BintiKisauni, mwavuli tulimwachia mlinzi wa jengo. Nimemwambia kuna dada Mswahili anaweza kupita kuuchukua.

BintiKisauni

Nitapita Jumapili. Mama mwambie vijana hao wapo mpaka vuli.